Tope la Mbulu na Gari la Dukani

Mashindano yanayotaka kushindanisha vyombo vya moto vinavyouzwa dukani huandamwa na ugonjwa mmoja. Kanuni inasema chombo kiwe kilekile ambacho mtu yeyote mwenye fedha anaweza kukinunua. Mshindani anakipeleka kwa fundi, fundi anapunguza uzito hapa na kuongeza nguvu pale, na baada ya misimu michache kilichobaki cha dukani ni nembo tu. Mashindano ya pikipiki ya Isle of Man yalipoanza mwaka 1907 yalikusudiwa kwa pikipiki za matembezi, zenye kizuia kelele na tandiko la kukalika, na waandaaji walifikia hatua ya kumpimia kila mshindani mafuta. Haukupita muda mrefu yakatawaliwa na mashine zilizoundwa kwa ajili ya mbio, na mwaka 1967 ikabidi lianzishwe upya daraja la pikipiki za dukani, kana kwamba wazo hilo halijawahi kuwapo. Kila mahali dawa imetafutwa kwenye kitabu cha kanuni na kwa wakaguzi wenye vipimo. Afrika Mashariki, kwa karibu miaka ishirini, ilikuwa na mkaguzi wa aina nyingine, asiyesoma kitabu chochote. Mkaguzi huyo alikuwa barabara, hasa barabara za masika, na miongoni mwa zile zilizoogopwa na madereva wa mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 ilikuwamo ya kupanda Mbulu. Hoja yangu ni kwamba barabara za namna hiyo ndizo zilizoyafanya mashindano yale yabaki ya gari la kawaida hata pale kanuni na fedha za viwanda zilipokwisha kuyavuta upande mwingine.

Chanzo cha mashindano kinaonyesha waanzilishi walitaka nini. Eric Cecil, aliyekuwa akiongoza kamati ya mashindano ya chama cha magari cha Afrika Mashariki, alimshawishi binamu yake Neil Vincent aingie kwenye mbio za mzunguko za Langa Langa, karibu na Gilgil nchini Kenya. Vincent, kama inavyosimuliwa, alijibu kwamba haoni raha ya kuzunguka palepale. Afadhali watu waingie kwenye magari yao, wafunge milango, wavuke nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika awe mshindi. Wazo la awali lilikuwa kulizunguka Ziwa Viktoria, likaachwa kwa kuwa barabara za huko zisingepitika. Mwishoni mwa Mei 1953, kwa kisingizio cha kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yakaanza safari kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalitakiwa yawe kama yalivyotoka kwa muuzaji, na madaraja yakapangwa kwa bei. Jambo hilo la bei huwa linapitwa haraka na wasimuliaji, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote. Waandaaji wa Ulaya walizoea kupanga madaraja kwa ukubwa wa injini, yaani kwa macho ya mhandisi. Hawa wa Nairobi walipanga kwa macho ya mteja, mkulima wa Moshi au mfanyabiashara wa Jinja aliyetaka kujua kwamba kwa fedha alizonazo mfukoni, gari lipi litamfikisha. Mwaka huo wa kwanza hata mshindi wa jumla hakutangazwa.

Sasa tuitazame Mbulu yenyewe. Wilaya ya Mbulu ya siku zile ilibeba Hanang, Babati na Karatu za leo. Hanang ilimegwa baadaye, na Mkoa wa Manyara wenyewe ni wa mwaka 2002. Mji wa Mbulu umekaa juu ya uwanda wa Wairaqw, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa upande wa mashariki na Ziwa Manyara likionekana kule chini. Kuna njia tatu za maana za kuufikia: kutoka kaskazini kupitia Karatu, kutoka mashariki, ukiiacha barabara kuu pale Mbuyu wa Mjerumani na kuukwea mlima Magara, na kutoka kusini kupitia Dareda na Dongobesh. Zote zinapanda, na zote, kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, zilikuwa za udongo. Juu uwandani udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, ambao ukikauka unakuwa mgumu kama tofali na ukilowa tairi halipati pa kushika. Chini, kuelekea ziwani, na tena kwenye nyanda za Basotu upande wa Hanang, ni ule mweusi wa mbuga unaovimba na kunata. Gari linalotoka bondeni kwenda Mbulu lilipaswa kwanza kujinasua kwenye udongo unaovuta, kisha kukwea ukuta wa kona za ghafla, kisha kutambaa juu ya udongo unaoteleza. Ni vigumu kumpata dereva au mashine yenye kipaji kwa yote matatu. Halafu kuna kalenda: mashindano yalikuja kutia nanga kwenye sikukuu ya Pasaka, na Pasaka huangukia Machi au Aprili, masika ikiwa imeshaanza au iko mlangoni.

Ushahidi wa kile ambacho barabara za namna hii zilifanya umo kwenye orodha za waliofika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara nyingine yakafika saba. Nyakati zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na msaidizi wake Paddy Cliff, na nyakati zote mbili walikuwa ndani ya Peugeot 404, gari lililokuwa likiuzwa kwa familia na kwa madereva wa teksi. Aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1963, Peter Hughes, alikuwa na Ford Anglia, kigari ambacho huko Uingereza kilikuwa cha mwalimu wa shule kwendea kazini. Mwaka uliotangulia, 1962, Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen 1200. Kisha mwaka 1964 wakaja Wamarekani na kikosi cha magari ya Mercury Comet yaliyoandaliwa kwa gharama ambayo hapa hapakuwa na wa kuifikia. Mawili tu ndiyo yaliyofika, nayo yalikuwa mkiani. Mojawapo liliendeshwa na Joginder Singh wa Kenya. Mwaka uliofuata Joginder, pamoja na ndugu yake Jaswant, alirudi na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari la mtumba, akaondoka akiwa wa kwanza mstarini na kuibuka mshindi kwa tofauti kubwa. Dereva ni yuleyule na masika ni ileile. Kilichobadilika ni gari, na mabadiliko yalikuwa ya kutoka ghali kwenda rahisi. Sijui ushahidi ulio bora zaidi wa hoja ninayoitetea kuliko misimu hiyo miwili ya mtu mmoja.

Mpinzani wa kwanza atasema natunga hadithi nzuri juu ya magari ambayo hayakuwa ya dukani kamwe. Ni kweli kwamba sharti la 1953 halikudumu kwa ukali wake. Kuanzia mwaka 1957 mashindano yaliingizwa kwenye kalenda ya kimataifa, na pamoja na kalenda zikaja kanuni za kimataifa zilizoruhusu marekebisho mengi. Viwanda vya Ujerumani, Ufaransa, Sweden, Uingereza na Japani vikaleta magari na mafundi wao. Lakini ukiyachunguza marekebisho yenyewe unaona jambo. Chini ya injini liliwekwa bamba la chuma ili mawe yasipasue sampo. Springi na shokapu zilibadilishwa kwa ngumu zaidi. Mbele palifungwa vyuma vya kukinga wanyama. Taa za ziada ziliwekwa hata ubavuni, ili taa za mbele zikifunikwa na tope dereva aone walau ukingo wa barabara. Nyuma ya bodi ilichomelewa mishikio, na kwenye bampa pahali pa kukanyaga, ili msaidizi asimame huko na kurukaruka gari lipate uzito juu ya magurudumu ya nyuma. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoongeza kasi, na vingi vinaipunguza. Yote ni mambo ambayo mwenye lori wa Babati au dereva wa misheni ya Haydom angeyafanya, na mara nyingi aliyafanya, bila kuambiwa na mtu. Kwingineko duniani kurekebisha gari la dukani kulikuwa na maana ya kuliondoa dukani. Hapa kulilisogeza karibu zaidi na gari la mtu anayeishi mwisho wa barabara mbovu. Kiwanda kilicholeta injini kali zaidi kilikuwa kimeleta, kwa hesabu ya mlima Magara, magurudumu yanayozunguka bure kwa kasi kubwa zaidi.

Mpinzani wa pili ana silaha nzito zaidi. Tope, atasema, ni bahati nasibu. Wa kwanza kupita anakuta barabara. Wa hamsini anakuta mitaro iliyochimbwa na wenzake arobaini na tisa. Mvua inaweza kunyesha saa moja kabla au saa moja baada. Mwaka 1963 Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva bora duniani wakati huo, alikuwa akiongoza kwa Saab yake ndogo alipogonga muhanga usiku, na mbio zake zikaishia kwenye mzoga wa mnyama asiyejua lolote kuhusu saa za ukaguzi. Mashindano yanayoamuliwa na muhanga yanapima nini? Nakubali kwamba bahati ilikuwamo, na kwamba nafasi ya kuondokea ilikuwa nusu ya vita. Joginder mwenyewe, mwaka ule wa 1965, alifaidi kutangulia. Hata hivyo bahati nasibu ina alama zake, na mojawapo ni kwamba haichagui watu walewale. Orodha hii inachagua. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka sita, kuanzia 1963 hadi 1968. Nowicki alishinda mara mbili, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, mara mbili mfululizo, Joginder hatimaye mara tatu. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna hata mgeni mmoja kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda, ingawa walikuja waliokuwa na magari ya kasi zaidi na majina makubwa zaidi. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972. Bahati haina uraia. Kilichokuwa kikipimwa kilikuwa ujuzi wa kusoma udongo, yaani kujua wapi uingie na mwendo na wapi ushuke utembee kwanza, ukiwa ndani ya gari lisilohitaji kubembelezwa. Muhanga wa Carlsson aliharibu msimu mmoja wa mtu mmoja.

Pingamizi la tatu si la kiufundi, na kwa msomaji wa Mbulu au Katesh huenda ndilo la maana kuliko yote. Mashindano haya yalikuwa ya nani? Yalizaliwa kwa heshima ya malkia wa Uingereza, madereva wake walikuwa karibu wote Wazungu na Waasia, na bei ya gari la daraja la chini kabisa ilikuwa mlima mwingine kwa mkulima wa Iraqw au mfugaji wa Kibarbaig. Nafasi ya mwanakijiji ilikuwa kusimama kando ya barabara na, gari likinasa, kuingia topeni kulisukuma. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Pasaka ya mwaka huohuo, wiki chache tu baadaye, Shankland alishinda kwa mara ya pili, na unaweza kuliona jambo hilo kama kichekesho cha historia ukipenda. Sina haja ya kulikana. Nasema tu kwamba anayesukuma gari hujua mambo ambayo aliye kwenye usukani hayajui, na kwamba sehemu kubwa ya hukumu ya barabara ilitolewa na watu hao. Gari jepesi walilinasua. Gari zito lenye injini kubwa walilizunguka wakalitazama. Sifa ya Peugeot na Volkswagen katika nyanda hizi haikutegemea matangazo ya magazeti ya Nairobi peke yake, kwa maana waliolowa tope hadi kiunoni walikuwa mashahidi. Na ikiwa swali ni jina la eneo hili katika historia ya mbio, basi halikuandikwa na injini yoyote: liliandikwa na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia, na Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Hao hawakuhitaji mtu awasukume.

Namna mashindano yalivyobadilika baada ya hapo inaipa hoja hii mtihani wake wa mwisho. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia ilikuwa imejifungia ndani ya Kenya, na jina la Afrika Mashariki likaondolewa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mbulu ikawa kumbukumbu ya madereva wazee. Je, gari la kawaida lilishindwa mara moja? Hapana, kwa sababu Kenya nayo ilikuwa na tope lake. Lancia Stratos, gari lililobuniwa tangu mchoro wa kwanza kwa ajili ya mashindano na kutawala Ulaya, halikuwahi kuishinda Safari. Mwaka 1975 lilipitwa na Peugeot 504, gari ambalo nusu ya Afrika ililipanda likiwa teksi. Porsche 911 nayo ilijaribu mara kadhaa na kukosa. Kilichobadilisha mambo kilikuwa barabara. Kadiri lami ilivyosogea, ndivyo njia ilivyolazimika kufupishwa na kuhamishiwa kwenye vipande vilivyofungwa, na kipande kilichofungwa kinaweza kukaguliwa mapema, kuandikwa kwenye daftari na kukimbiwa na mashine maalumu. Safari iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kitovu chake kilikuwa Naivasha, na ilidumu siku chache ikiwa na magari ambayo hakuna duka linaloyauza. Mkaguzi alipostaafu, kitabu cha kanuni peke yake hakikuweza kazi ile. Sisemi hivyo kwa kuisikitikia lami: mwanamke mjamzito anayepelekwa hospitali ya Haydom kutoka Dongobesh hana faida yoyote na tope la kihistoria.

Lami na zege zimeshafika sehemu nyingi za simulizi hii. Barabara ya kutoka Minjingu kupitia Babati na Katesh hadi Singida sasa ni mkeka, mteremko wa Magara umemwagwa zege na daraja limejengwa. Lakini ukiiacha barabara kuu kilomita chache tu, udongo ni uleule, na anayeupita siku hizi ni pikipiki ya Kichina au ya Kihindi yenye injini ya ujazo wa 125 au 150. Kanuni za usafirishaji za mwaka 2010 ziliiruhusu kubeba abiria kwa leseni, ingawa vijiwe vya bodaboda vilikuwa vimeshatangulia kanuni. Angalia inavyotengenezwa kabla ya kuingia kazini. Shokapu za nyuma zinaongezewa nguvu au zinabadilishwa. Keria pana ya chuma inachomelewa ili ibebe magunia, kreti na, ikibidi, mbuzi. Vyuma vya kinga vinafungwa mbele ya injini. Sproketi ya nyuma inawekwa kubwa zaidi ili pikipiki ipoteze kasi na kupata nguvu ya kupanda. Tairi la mashamba linachukua nafasi ya lile lililotoka nalo dukani. Ni orodha ileile ya mafundi wa 1963, ikiwa imehamia kwenye magurudumu mawili, na imefikiwa bila mtu wa kijiweni kuwa amewahi kusikia habari za Nowicki. Naiona hiyo kuwa hoja yenye nguvu kuliko kama pangekuwapo urithi uliofundishwa, kwa sababu inaonyesha kwamba udongo wenyewe ndio unaotoa masharti, na wanaokuja wanayafuata.

Kwa hiyo mtu akitaka kuanzisha ubingwa wa pikipiki za dukani katika Mbulu na Hanang, hana haja ya kuazima kanuni za viwanja vya lami vya Ulaya. Pingamizi la kwanza atakalokutana nalo ni la usalama, nalo ni la haki: wodi za mifupa nchini zimejaa majeruhi wa bodaboda, na kuwapa vijana sababu ya kukimbizana barabarani ni ukatili. Ila Safari ya awali haikuwa ya kukimbizana. Magari yaliondoka kwa kupishana dakika, kila moja likishindana na saa ya kituo kinachofuata, na adhabu ilikuwa ya pointi za kuchelewa. Saa ya kituo ikipangwa kwa mwendo wa halali, hakuna anayepata kitu kwa kuzidisha kasi. Kinachopimwa ni nani anayefika katika wakati huo Machi, akiwa na mzigo, kutoka Mbuyu wa Mjerumani hadi Mbulu, kisha Dongobesh, Haydom, Basotu, hadi Katesh. Madaraja yapangwe kwa bei ya pikipiki mpya pale Babati. Marekebisho yaruhusiwe yote yanayofanyika kijiweni kwa vifaa vya kijiweni, na keria ibaki na gunia lake hadi kituo cha mwisho, kwa sababu gunia la mahindi la kilo mia litammaliza mwenye injini ya wizi kabla mkaguzi hajavaa miwani.